Umepona homa ya ini, mbona kichwa bado kizito?

"Daktari, kwanza uandike kwamba mimi si mwizi."

Hivyo ndivyo alivyonianza mgonjwa mmoja, mwalimu mstaafu wa miaka 62 kutoka upande wa Kibwezi, hata kabla ya kuketi. Nimebadilisha mambo machache asitambulike, naye amekubali niyaandike haya.

Kwa miaka 11 mama huyu alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama kijijini kwao. Hajawahi kupoteza hata shilingi. Kisha hesabu zikaanza kumshinda. Pesa nyingine alizipokea asiziandike, nyingine akaziandika mara mbili. Siku moja Sh18,400 hazikuonekana. Wanachama walikutana, maneno makali yakasemwa, na binti yake akalazimika kukopa ili azilipe. Baada ya wiki mbili pesa zile zilipatikana ndani ya sufuria jikoni mwake, zimefungwa kwenye leso kuukuu. Yeye mwenyewe hakukumbuka kuziweka hapo.

Jambo lililomtatiza zaidi ni kwamba alikuwa "amepona". Alikuwa na cheti cha maabara kinachosema kwamba virusi vya homa ya ini aina ya C havikuonekana tena katika damu yake. Jirani akamwambia kwamba dawa kali zimemchosha ubongo, anahitaji vidonge vya kurudisha nguvu. Kwa miezi minane alivinunua. Mumewe, mzee mpole ambaye hakusema mengi siku hiyo, aliweka mezani pangu mfuko wa karatasi wenye vitu saba na kusema, "Daktari, mbuzi wawili wamo humo ndani."

Nimeamua kuandika juu ya mfuko ule kwa sababu si yeye peke yake. Wanaokuja kwangu kutoka Makueni na Kitui wakiwa na maradhi ya ini, karibu wote wana mfuko kama huo nyumbani.

Ugonjwa wenyewe

Kwanza tusafishe majina. Watu wengi wakiona macho ya mtu yamegeuka rangi husema ana "homa ya manjano". Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa, unaoletwa na mbu, na una chanjo yake. Macho kugeuka rangi ni dalili tu kwamba ini au njia ya nyongo ina matatizo, na sababu zake ni nyingi.

Homa ya ini aina ya C huletwa na virusi vilivyotambuliwa mwaka wa 1989. Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2020 kwa kazi hiyo. Virusi hivi hupita katika damu: sindano zilizotumiwa na zaidi ya mtu mmoja, nyembe, vifaa visivyochemshwa ipasavyo, na zamani damu ya kuongezewa. Havina chanjo. Hapa Kenya ugonjwa huu umeonekana zaidi miongoni mwa wanaojidunga dawa za kulevya Nairobi na Pwani, lakini huku kwetu hukutana nao kwa wazee waliotiwa damu miaka ile. Mwalimu wetu alijifungua kwa shida mwaka wa 1987 na akaongezewa chupa mbili. Wakati huo hakukuwa na hospitali popote duniani iliyoweza kuipima damu ile, kwa kuwa virusi vyenyewe vilikuwa havijajulikana. Vilikaa ndani yake zaidi ya miaka 30 bila kelele.

Tiba ya zamani ilikuwa adhabu. Mgonjwa alidungwa interferoni kila wiki na kumeza ribavirini kila siku, aghalabu kwa wiki 24 hadi 48. Interferoni ilileta homa, huzuni nzito na wakati mwingine iliharibu tezi ya shingo. Ribavirini ilivunja chembe nyekundu za damu. Wengi waliacha katikati. Mambo yalibadilika mwishoni mwa 2013 Marekani ilipoidhinisha sofosbuviri, na mwaka wa 2015 Shirika la Afya Duniani likaziingiza dawa za kundi hilo katika orodha ya dawa muhimu. Siku hizi mgonjwa humeza vidonge kwa wiki 12, na zaidi ya 90 katika kila 100 hupona kabisa.

Nasema kupona kabisa, maana yake virusi vimekwisha. Damu hupimwa wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho, na visipoonekana hapo, havirudi isipokuwa mtu aambukizwe upya. Lakini kumaliza virusi si sawa na kulifanya ini lirudi kama lilivyozaliwa. Moto ukizimwa, nguzo zilizoungua bado zimeungua.

Kwa nini kichwa hubaki kizito

Wenzetu wa ng'ambo wameipa hali hii jina la "ukungu wa ubongo". Mtu husoma ukurasa mmoja mara tatu bila kushika kitu. Huingia chumbani na kusahau alichofuata. Jina la mtoto wa dada yake liko ulimini lakini halitoki. Si wazimu, wala si uvivu.

Virusi vya homa ya ini aina ya C vyenyewe huweza kuleta hali hiyo. Kinga ya mwili inapopigana navyo mwaka baada ya mwaka, kemikali za vita hivyo huugusa ubongo pia. Kwa wengi, virusi vikiisha, uchovu na usahaulifu hupungua polepole kwa miezi kadhaa. Nimewaona waliokaa karibu mwaka kabla ya kujisikia wenyewe tena. Mtu wa namna hii huhitaji subira, usingizi, matembezi ya kila siku na chakula kizuri kuliko anavyohitaji chupa ya dukani.

Isipopungua, daktari hana budi kutafuta sababu nyingine, nazo haziko mbali. Upungufu wa damu. Tezi ya shingo iliyolala, hasa kwa waliodungwa interferoni. Sukari. Huzuni ya muda mrefu, ambayo kwa wazee wetu mara nyingi hujificha nyuma ya malalamiko ya kichwa na mgongo. Pombe. Upungufu wa vitamini B12, ambao huwapata wasiokula nyama wala maziwa na pia wanaomeza metformini ya kisukari kwa miaka mingi. Virusi vya Ukimwi. Dawa za usingizi. Nyingi katika hizi hupimwa kwa damu kidogo na maswali machache, na zina tiba.

Sababu moja ndiyo ninayotaka tukae nayo zaidi, kwa kuwa ndiyo inayosahaulika na ndiyo inayoweza kuua.

Tumboni mwetu wamo vijidudu vingi wanaovunja mabaki ya chakula. Kazi hiyo hutoa amonia, ambayo ni sumu. Ini lenye afya huikamata amonia ikiwa bado njiani kutoka matumboni na kuigeuza kuwa yurea, nayo hutoka kwa mkojo. Ini likijaa makovu, damu hushindwa kupita vizuri ndani yake, hutafuta vichochoro vya pembeni na kwenda moja kwa moja kwenye mzunguko wa mwili ikiwa bado haijasafishwa. Amonia hufika kwenye ubongo. Mwanzoni mabadiliko ni madogo sana: mtu hukosea hesabu, mwandiko wake huharibika, husinzia mchana na kukesha usiku, hukasirika kwa jambo dogo. Baadaye huanza kusema maneno yasiyoeleweka, na mwisho hupoteza fahamu.

Watu wa nyumbani huona kabla ya mgonjwa. Nilimgeukia yule mzee nikamuuliza usingizi wa mkewe ulivyo. Akajibu, "Siku hizi yeye ndiye mlinzi wetu. Usiku anatembea, mchana analala hata akiwa na kikombe mkononi."

Nikamwomba mwalimu anyoshe mikono mbele na kukunja viganja juu, kama polisi wa trafiki anayesimamisha gari. Viganja vilianguka na kuinuka, vikaanguka tena, kama bawa la ndege aliyechoka. Kisha nikamwambia, "Mwalimu, nitajie wanyama wote unaowajua kwa dakika moja." Alianza vizuri: mbuzi, ng'ombe, punda, mbwa, paka, kuku. Akanyamaza. Ndovu. Akanyamaza tena. Fisi, kondoo, halafu mbuzi mara ya pili, na dakika ikaisha. Wanyama tisa. Jaribio hili hutumiwa na madaktari wa ini katika nchi nyingi. Mtu mwenye maradhi ya ini akishindwa kufikisha kumi, tunashuku sana, ingawa lazima tuzingatie umri na elimu yake. Huyu alifundisha darasa la saba kwa miaka 30.

Kulikuwa na dalili nyingine katika karatasi zake ambayo hakuna aliyemweleza. Alikuwa amemezeshwa sofosbuviri na daklatasviri kwa wiki 24 badala ya 12. Muda huo mrefu hutolewa kwa mwenye ini lenye makovu. Aliyeandika dawa alijua kuhusu makovu, lakini mgonjwa alipoambiwa amepona alidhani kila kitu kimepona.

Ndani ya mfuko

Sasa tuufungue ule mfuko.

Kitu cha kwanza kilikuwa vidonge vya vitamini mchanganyiko vyenye madini ya chuma, na cha pili dawa ya maji ya kuongeza damu, nayo ina chuma. Hapa ndipo penye ubaya mkubwa ambao hakuna aliyeufikiria. Chuma hufunga choo. Choo kikikaa tumboni siku tatu, vijidudu hupata muda wa kutengeneza amonia zaidi, na yote huishia kichwani. Mama huyu alikuwa akienda choo mara moja kwa siku nne. Isitoshe, chuma kikizidi hujirundika katika ini lenyewe na kuliumiza. Kipimo chake cha damu kilionyesha kwamba hakuwa na upungufu wa chuma hata kidogo. Dawa ya kuongeza damu ni nzuri kwa mama mjamzito na kwa mwenye upungufu uliopimwa. Kwa mgonjwa wa ini asiyepimwa ni mchezo wa kubahatisha.

Kitu cha tatu kilikuwa vidonge vya mti wa ginko, vinavyosifiwa kwamba vinaongeza kumbukumbu. Wamarekani waliwajaribia watu 3,069 wenye umri wa miaka 75 na kuendelea, wakawafuatilia kwa miaka kadhaa. Matokeo yaliyotangazwa 2008 yalionyesha kwamba ginko haikuzuia ugonjwa wa usahaulifu kuliko vidonge bandia. Mwenye makovu ya ini huwa na chembe chache za kugandisha damu, na ginko imeshukiwa kuongeza utokaji wa damu. Kwa hiyo faida hatuioni, hatari tunaiogopa.

Cha nne kilikuwa silimarini, itokanayo na mbegu za mmea wa miiba wenye maua ya zambarau. Hii ndiyo "dawa ya ini" inayonunuliwa kuliko zote, na nakiri kwamba nilipoanza kazi mimi mwenyewe niliiandika mara nyingi nikiamini haidhuru kitu. Mwaka wa 2012 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 154 wa homa ya ini aina ya C ambao interferoni ilikuwa imewashinda. Walipewa silimarini kwa kipimo kikubwa kuliko kawaida, na vipimo vya ini havikubadilika kuliko vya waliopewa vidonge bandia. Haikuwadhuru, haikuwasaidia. Siku hizi siiandiki. Mgonjwa akiniambia anayo nyumbani na anaipenda, sigombani naye, lakini humkumbusha bei ya mbuzi.

Cha tano kilikuwa manjano. Sisemi ile ya kutia kwenye mchuzi, hiyo endelea kutia. Nasema vidonge vya manjano iliyokamuliwa na kuchanganywa na kiini cha pilipili manga ili iingie mwilini kwa wingi. Vimewahi kuleta homa ya ini kali kwa watu ambao ini lao lilikuwa zima. Vivyo hivyo vidonge vya majani ya chai ya kijani vinavyouzwa kwa wanaotaka kupungua. Kikombe cha chai hakina neno. Kidonge kilichobeba nguvu ya vikombe vingi ni kitu kingine.

Cha sita kilikuwa unga wa rangi ya kahawia katika mfuko wa plastiki, bila jina, bila tarehe, ulionunuliwa siku ya soko kutoka kwa gari lenye kipaza sauti. "Unasafisha ini na damu," ndivyo alivyoambiwa. Sijui ulikuwa nini na hapo ndipo tatizo lilipo. Sidharau mitishamba, nimelelewa nayo na bibi yangu alijua miti kuliko ninavyojua vidonge. Lakini iko miti inayoziba mishipa midogo ya ini. Komfri, ambayo watu wetu huipanda kulisha sungura na kuku na wengine huinywa kama chai, ni mmoja wapo, na Marekani iliagiza 2001 iondolewe katika vidonge vya kumeza. Shubiri, ile tunayoiita kiluma kwa Kikamba, nayo imewahi kuleta homa ya ini kwa baadhi ya wanywaji. Kama dawa haina jina, daktari hawezi kujua ni nini cha kukukataza. Kazi ya kusajili dawa nchini ni ya Bodi ya Famasia na Sumu. Chupa isiyo na namba ya usajili iache palepale ilipo.

Kitu cha saba kilinishtua zaidi. Ilikuwa diazepamu, dawa ya usingizi, aliyopewa kwenye duka la dawa bila karatasi ya daktari kwa kuwa hakulala usiku. Kwa mtu ambaye ubongo wake tayari umelemewa na amonia, kidonge hicho ni kama kumsukuma mtu aliyesimama ukingoni. Ini ndilo linaloivunja diazepamu, na ini lake lilikuwa halina nguvu hiyo.

Kwa wale ambao bado wanameza dawa za virusi, niongeze hili haraka. Haiperikamu, mmea unaotumiwa ng'ambo kutibu huzuni na ambao huuzwa hata hapa kwetu, huishusha sofosbuviri mwilini hadi tiba ishindwe. Dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini, na rifampisini ya kifua kikuu, hufanya vivyo hivyo. Mwambie daktari kila unachomeza, hata ukionacho kidogo.

Zipo zinazosaidia

Nisije nikaeleweka kwamba nyongeza zote ni uongo. La. Zina mahali pake, nayo ni pale ambapo kitu fulani kimepungua.

Aliyekunywa pombe kwa miaka mingi, iwe ya dukani au kaluvu ya nyumbani, huwa amepungukiwa na thiamini, yaani vitamini B1. Upungufu huo huleta kuchanganyikiwa na kuyumba, na usipotibiwa upesi kumbukumbu hupotea moja kwa moja. Huyu hupewa B1 siku hiyohiyo, mara nyingi kwa sindano, bila kungoja majibu ya maabara. Aliyepungukiwa na B12 hudungwa B12, na nimeona mzee aliyesahau majina ya wajukuu akiyakumbuka ndani ya miezi mitatu. Zinki husaidia mwili kuigeuza amonia, nao wenye makovu ya ini mara nyingi wamepungukiwa nayo. Kwa baadhi yao huongezwa juu ya tiba ya kawaida. Kuna pia unga wa viini fulani vya protini ambao majaribio yameonyesha kwamba hupunguza kuchanganyikiwa kunakoletwa na ini, ila bei yake si ya mkulima. Vitamini D hupimwa na kuongezwa ikipungua.

Vitamini A ni kinyume. Watu husikia "mafuta ya ini la samaki" na kudhani kwamba ini hutibu ini. Mafuta hayo yana vitamini A, nayo ikizidi huliumiza ini la binadamu.

Tiba aliyohitaji mwalimu haikuwa mfukoni mwake. Ni laktulosi, dawa ya maji yenye utamu, inayobadilisha hali ya utumbo ili amonia isiingie katika damu na kukisukuma choo nje. Kipimo hakihesabiwi kwa vijiko tu bali kwa choo chenyewe: mtu aende choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Ikiwa mara tano, amezidisha na atakaukiwa na maji, jambo ambalo nalo huleta kuchanganyikiwa. Ikiwa mara moja, aongeze. Isipotosha, kuna dawa ya pili iitwayo rifaksimini.

Chakula, na kisa cha 2004

Zamani tulifundishwa kumnyima mgonjwa wa namna hii nyama, maharagwe na maziwa, eti protini huleta amonia. Ushauri huo umeachwa. Misuli nayo husaidia kuisafisha amonia, na anayenyimwa protini hukonda misuli, akazidi kuumwa. Anahitaji gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 ni gramu 72 hadi 90. Hapa Ukambani tuna bahati. Ndengu, mbaazi na kunde zina protini ambayo ubongo huivumilia vizuri, na nyuzinyuzi zake hulainisha choo. Ongeza maziwa na mayai. Ale kidogo kidogo mara nyingi, na asilale njaa: uji wa mtama na maziwa kabla ya kulala una maana kubwa kwa ini lisiloweza kuweka akiba ya usiku.

Mahindi yanahitaji neno la peke yake. Sisi ni watu wa isyo na muthokoi, na hatujasahau 2004. Kati ya Januari na Julai mwaka huo, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumu ya aflatoksini, wengi wao Makueni na Kitui. Zaidi ya nusu ya sampuli za mahindi zilizopimwa zilikuwa zimepita kiwango kilichoruhusiwa. Na haikuwa mara ya kwanza, kwani Makueni ilikuwa imepata vifo vya sumu hiyohiyo mwaka wa 1981. Waliokufa walikufa kwa ini. Lakini sumu kidogo kidogo, isiyoua leo, huendelea kulila ini kimya, na ikikutana na virusi vya homa ya ini hali huwa mbaya maradufu. Uchunguzi wa Shanghai nchini China ulionyesha kwamba mwenye virusi vya aina ya B na aflatoksini pamoja alikuwa na hatari ya saratani ya ini karibu mara 60 ya asiye na vyote viwili.

Kwa hiyo ninapomuuliza mgonjwa wa ini habari za ghala lake, simpotezei muda. Ayakaushe mahindi vizuri juu ya turubai, si ardhini. Ayatupe yaliyoota ukungu au kubadilika rangi, na asiwape kuku wala ng'ombe, kwa kuwa sumu hurudi kwa maziwa. Kuyakoboa na kupika muthokoi huondoa karibu nusu ya sumu, hivyo mama zetu walikuwa na hekima, ila haiondoi yote. Kuchemsha hakuiui.

Katika kaunti hizi mbili, makovu ya ini huletwa zaidi na homa ya aina ya B, pombe, sumu hiyo ya mahindi, na kule Kibwezi na Kambu kichocho cha matumbo pia. Watoto waliozaliwa tangu mwisho wa 2001 wamechanjwa dhidi ya aina ya B. Wazazi wao wengi hawajachanjwa wala kupimwa. Niliyoyasema kuhusu mfuko yanawahusu wote hao sawasawa na waliotibiwa aina ya C.

Maswali ya kumuuliza daktari

Uliyetibiwa homa ya aina ya C, muulize daktari wako jambo moja: "Je, ini langu lina makovu?" Kama jibu ni hapana, na kichwa bado kizito, pimwa damu, sukari, tezi na B12, na mweleze ukweli kuhusu usingizi, huzuni na pombe. Kama jibu ni ndiyo, unahitaji picha ya altrasaundi kila miezi sita kutafuta saratani mapema, hata kama virusi viliisha zamani. Ukiwa na makovu na mtu wa nyumbani akikuona unasinzia mchana, unakosea maneno au mikono inapepea, usingoje siku ya kliniki. Na ukitapika damu au kwenda choo cheusi kama lami, hiyo ni safari ya usiku huohuo.

Mwalimu aliacha vitu vyote saba mezani. Diazepamu tuliipunguza polepole, kwa kuwa kuikata ghafla baada ya miezi nako kuna hatari. Alianza laktulosi, akala ndengu na maziwa, akaenda choo. Baada ya wiki tano alirudi bila kushikwa mkono. Nilimwomba tena wanyama kwa dakika moja, akataja 17, akamaliza na kakakuona, halafu akaniuliza kama nimewahi kumwona. Sijawahi.

Chama hakijamrudishia daftari bado. Anasema hakimsumbui, ila ameomba barua. Nimeiandika, nikaeleza ugonjwa kwa Kiswahili chepesi, na nikaanza kwa sentensi aliyoniamuru niianzie siku ile ya kwanza. Picha yake inayofuata ya altrasaundi ni mwezi wa tatu.